Nzigire Anashuka Luberizi Kuanza Kazi

Cimpunda, jioni ya kuamkia safari yako

Nzigire, mwanangu, maman yangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya. Papa yako amekaa salon, pale sebuleni, ndani ya chandarua chako kipya. Sikudanganyi. Amekitundika kwenye msumari wa kalenda, ameingia ndani na viatu vyake, na sasa anakipapasa kidogo kidogo akitafuta tundu. Kila mara ananiita: "Maman Nzigire, kuya uone, hapa mbu inaweza kupita!" Nimemwambia mbu wa Luberizi hawajafika bado Cimpunda, apumzike. Hakunisikia. Basi nimefunga mlango wa chumba, nimekaa kitandani, sinia iko juu ya magoti na karatasi juu ya sinia, na ninakuandikia kabla jua halijashuka nyuma ya kilima.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala vidonge vya malaria, wala jua la kule chini. Hayo papa yako amekuambia juma zima, na aliyoyasahau, tonton yako, yule mjomba wa Uvira, atayamaliza. Mimi nataka kurudi kwenye siku ya Jumanne.

Jumanne tulikuwa tunapiga pasi blauzi zako. Wewe ulishika kola, mimi nilikuwa napuliza makaa. Ukasema bila kuniangalia: "Maman, miye sitaenda. Batajua siyui kitu."

Nikajibu: "Utaenda."

Nikaendelea kupiga pasi. Wewe ukatoka, nikakusikia unachota maji ambayo hatukuyahitaji. Nilijua palepale kwamba nimejibu vibaya. Jibu nilikuwa nalo, lakini ni refu, na mimi si mtu wa kusema mambo marefu huku nikitazamwa usoni. Masista waliotufundisha kushona walitufundisha pia kunyamaza, na nilishika yote mawili vizuri kupita kiasi.

Nasikia unavyohesabu moyoni. Miaka mitatu ya shomaji, ya kukaa bila kazi, imekula yote uliyosoma. Kwenye mtihani wa ile proje ya mpunga ya Luberizi ulikuwa wa tatu, na wanakuchukua tu kwa sababu wa kwanza amepata kazi upande wa Lwiro, kwenye hewa ya baridi, na wa pili mama yake amekataa mtoto wake aende kuliwa na mbu. Unaona unakwenda kukalia kiti cha watu wengine. Sasa nisikilize, nikueleze jinsi mimi mwenyewe nilivyoanza kazi nikitoka kwenye shomaji. Unajua kwamba nilianza. Jinsi ilivyokuwa hujui, kwa sababu ulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na kwa sababu sikukuambia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa pale Nyawera, kwenye atelier ya Mreno mmoja mzee. Tulishona mashati ya watu wa biro, wa ofisini, na nguo za wanafunzi. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa na mashini yangu ya kukanyaga kwa miguu, karibu na dirisha, na mguu wangu uliijua kama unavyojua ngazi za nyumba yako mwenyewe. Halafu ukaja wakati ule maduka ya wageni yalipogawiwa wenye nchi. Mreno akafunga sanduku lake, akatupa mkono wa kwaheri mmoja mmoja, akaondoka. Mwenyewe mpya akaja na suti yake ya abacost iliyonyooka, akatuahidi mambo mazuri, na nafikiri aliyaamini. Lakini hakujua vitambaa vinatoka wapi. Vilipokwisha, akauza mashini moja, kisha nyingine. Asubuhi moja tukakuta kufuli mlangoni. Tulisimama pale, wanawake wenye mikasi ndani ya mifuko, mpaka mvua ikatutawanya.

Nilikaa bila kazi muda mrefu. Na mimi nilikuwa na namna yangu ya kukaa bila kazi, ambayo haikufanana na yako. Mimi nilitembea. Kila asubuhi nilijifunga kikwembe changu cha kazi, nikachukua mkoba, nikashuka na papa yako mpaka soko la Kadutu. Yeye aliendelea kwenda kwenye karakana yake ya mbao, mimi niligeuka. Nilizunguka kwa barabara nyingine ili majirani wasinione narudi mapema. Nilipanda, nikashuka, nikaketi kanisani, nikatoka. Niliuliza kazi mahali pawili patatu, na nilipochoka kuuliza niliendelea kutembea tu. Nilimwambia papa yako kwamba kuna mtu ananiahidi kitu. Alikuwa akiitika.

Siku moja, wakati wa mvua, akanisimamisha mlangoni. Alikuwa ameshika mwavuli wake, ule mmoja tuliokuwa nao.

"Kamata," akaniambia. "Kule unatembeaka hakuna pa kujificha mvua."

Niliupokea. Alijua. Alikuwa anajua tangu siku nyingi, na hakuniuliza hata neno moja. Akainua kola ya koti, akashuka kwenye matope bila kugeuka. Nzigire, ukiona namna ninavyomvumilia mtu huyu na chandarua chake, ni kwa sababu ya mwavuli ule.

Na wewe pia ulinikuta mara moja. Ulikuwa umerudishwa kutoka shule na homa, ukapita mbele ya parokia, ukaniona nimekaa kwenye ngazi. Ukaniuliza: "Maman, unatumikaka hapa?" Nikakwambia ndiyo, leo kazi yangu iko hapa. Ukakaa karibu yangu, ukalaza kichwa kwenye mkoba wangu, ukaridhika. Sijui kama unakumbuka.

Nakuambia haya kwa sababu shomaji yako ilipofika, sikuitambua. Yangu ilikuwa ya miguu. Yako ilikuwa ya kulala na kugeuka ukutani. Ulirudi na diploma yako ya kilimo, tukachinja kuku wawili, wajomba wakaja, na baada ya hapo barua zako zote kwenye mabiro zikawa kama mawe yaliyotupwa ziwani. Mwaka wa kwanza ulikwenda mwenyewe kuuliza. Mwaka wa pili ukaacha kusuka nywele. Na mimi, badala ya kukaa kwenye kitanda chako kama ninavyokaa sasa, kila asubuhi nilikusimamia mlangoni na jina jipya: nenda umwone bwana sitwayeni fulani, nenda biro fulani, mtoto wa maman fulani amepata. Nilifikiri nakusukuma mbele. Papa yako alinishika mkono siku moja jikoni, akasema: "Muache mutoto apumue." Nikamkasirikia, nikamwambia ndiye anayekuharibu. Alisema kweli. Mimi, mke wa mtu aliyenipa mwavuli, ndiye niliyepaswa kujua.

Halafu ikaja ile salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Chef wa mtaa alitutoa wote siku ya Jumamosi kuziba korongo nyuma ya nyumba yetu, lile ambalo kila mvua lilikula mita ya kiwanja. Watu walitupa mawe na takataka, wakanawa, wakaenda. Wewe ukabaki. Nilikuona kwenye dirisha la jikoni, umechuchumaa, unaangalia maji yanakopita. Siku iliyofuata ukarudi na jembe. Ulichimba mitaro ya kukata mteremko, ukapanda majani ya tembo kwenye kingo, na katikati ukapanda soja. Majirani walicheka. Maman wa nyumba ya chini alikuuliza kama sasa unafuga tembo. Mimi sikucheka, lakini nilisema moyoni: afadhali atoke nje, apate jua. Nilifikiri ni mchezo wa kupitisha siku.

Mvua kubwa zikaja, na korongo halikusogea. Maman wa nyumba ya chini akaja kuomba vipandikizi, kisha mwingine, kisha chef mwenyewe. Ulikuwa unawaonyesha jinsi ya kupima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, na nilikuwa nikisikia sauti yako kutoka jikoni, sauti niliyokuwa nimeikosa kabisa nyumbani humu.

Uliporudi kutoka kwenye mtihani ulitusimulia ukicheka kwamba yule enjeniya alikuuliza maji ya ziada utayatoa vipi kwenye shamba, na wewe, badala ya kutaja kitabu, ukamweleza korongo la Cimpunda. Ulicheka kana kwamba umejiaibisha. Lakini ulimweleza kazi uliyoifanya, maman. Ulikuwa ukifanya kazi. Hakuna aliyekuita kazini, hakuna aliyekuwekea kengele, lakini miaka ile mitatu haikuwa mitupu, na nyumba yetu imesimama mahali pake. Jumanne ungenisikia nikisema hivi kama ningekuwa na mdomo mzuri zaidi.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoanza mimi.

Nilipata kazi kwenye chumba cha mashuka cha hospitali moja hapa mjini. Na nikuambie kitu ambacho hata papa yako sidhani kama anakikumbuka: hawakunichagua mimi. Walimchagua mwanamke mwingine, akazaa, mume wake akahamishiwa Kindu, wakaondoka. Sista wa hospitali akamtuma mlinzi aje kuniita. Nilikuwa nafua. Nilikwenda na povu kwenye viwiko.

Mkubwa wa chumba kile alikuwa Maman Mwamini, mwanamke wa Uvira, Mwislamu, mnene, mtaratibu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Wazee wake walitoka pwani zamani kwa biashara, na Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kuliko chetu, lakini akikasirika, au moyo wake ukiguswa, alisema kama mtu wa Kadutu. Alinionyesha meza, pasi, kabati, na mashini. Mashini ilikuwa ya umeme.

Sikuwahi kugusa mashini ya umeme. Aliniuliza: "Hii unaijua?" Nikasema naijua.

Unaona? Ni neno dogo, na nilipolisema sikujisikia nadanganya. Nilijisikia najikinga. Nilifikiri kama nitasema siijui, kabla sijakaa watanitoa. Basi nikawa naiangalia kwa pembeni wengine wanavyotia uzi, nikatia vibaya. Nilipokanyaga, ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Sindano ikavunjika. Nikaficha vipande kwenye pindo la kikwembe. Kesho yake nyingine, na nyingine. Nilirudi nyumbani kila jioni na sindano zilizovunjika kiunoni, nikizitupa chooni papa yako asione.

Na si hilo tu. Nilifika kabla mlinzi hajafungua, nikasimama kwenye umande. Nilisema aksanti kwa kila kitu, hata kwa kuitwa. Akitokea mtu anauliza nani atabaki kupanga mashuka ya chumba cha wazazi, mimi nilikuwa nimekwisha kunyanyua mkono. Saa ya kula wenzangu walikaa chini ya ukuta na vyombo vyao, mimi nilibaki ndani nikisema sina njaa. Nilikuwa na viazi vyangu kwenye mkoba. Niliona aibu, lakini ukiniuliza aibu ya nini, siwezi kukujibu. Shomaji ilikuwa imeniambia kwa muda mrefu kwamba mimi ni mtu wa ziada. Nilipopata kazi iliendelea kuniambia, kwa sauti ileile, na mimi niliendelea kuitii.

Halafu malaria ikanishika. Nilijua asubuhi nilipoamka. Mifupa iliniuma mpaka kwenye vidole. Papa yako akasema nibaki, nikakataa. Nilitembea mpaka hospitali nikishika kuta za watu. Siku ile tulikuwa tunakunja vitambaa vya chumba cha upasuaji, vile vilivyokwisha kuchemshwa, ambavyo haviguswi ovyo. Nakumbuka nilibeba rundo. Nakumbuka sakafu ikainuka. Nilianguka juu ya vitambaa vyote, nikavizungushia mwili wangu wenye jasho, na kazi ya siku nzima ya watu ikarudi kwenye maji.

Nilipofungua macho nilikuwa kwenye kitanda cha wagonjwa, hospitali ileile ninakofanya kazi. Juu yangu kulikuwa na shuka. Niliangalia upindo wake. Ulikuwa umepinda kama barabara ya mteremko wa Ngomo. Nikautambua. Nilikuwa nimeushona mimi.

Maman Mwamini alikuwa amekaa kwenye kiti, viatu amevua. Aliona nikiangalia upindo. Akasema: "Njo yako, ulishona weye, ee? Nilijua."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitafua mwenyewe vile vitambaa vyote, nitafua Jumapili, asiseme kwa sista.

"Unaogopa nini?"

"Batanifukuza."

"Nani?"

"Siyui. Mutu."

Akacheka, tumbo likatikisika. Halafu akaacha kucheka. Alisogeza kiti karibu, akainama, na kwa mara ya kwanza akashusha sauti yake ile.

"Sikiliza, maman. Sindano zangu bilivunjika, niliona. Niliongeza zingine ndani ya boksi, ningojee siku utaniuliza. Haukuniuliza. Kula haukuli na siye. Unatumika sawa mutu aliiba nafasi ya mwenzake. Kila siku unaangalia mulango, unasema mwenyewe wa nafasi atakuya. Mwenyewe njo weye, hakuna mutu mwingine."

Nzigire, nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na nimesahau karibu yote. Hayo ya Maman Mwamini nayabeba mpaka leo. Nililala pale na homa yangu, chini ya upindo wangu uliopinda, na nikasikia kitu kinalegea hapa kifuani ambacho kilikuwa kimekazwa tangu siku ya lile kufuli Nyawera.

Nilipopona nilirudi kazini saa ya watu wote. Nikamwendea mbele ya wenzangu, nikamwambia: "Maman Mwamini, mashini ya umeme siijui. Nifundishe." Hakunipongeza. Alinifundisha kwa kunigombeza. Alinipiga vidole kwa mkanda wa kupimia nilipotia uzi vibaya. Baada ya muda mfupi mashini ikanitii, na baada ya muda mrefu kidogo nikaanza kuipenda, ingawa haikuwa na dirisha.

Na saa ya kula nikatoka, nikakaa nao chini ya ukuta. Nilifungua viazi vyangu kwa woga. Maman Mwamini alikuwa na sahani ya wali wenye mafuta na iliki, na samaki wa Uvira juu yake. Akachukua viazi vyangu viwili bila kuomba, akanisukumia wali. Nikamwambia ni mtamu. Akasema mpunga ule kaka yake anautoa Luberizi. Nilikuwa sijapata kulisikia jina hilo nikaliwekea maana. Na kesho mtoto wangu anakwenda kusimamia mpunga huohuo, na Maman Mwamini, tangu nilipomwambia, amekutangaza hospitali nzima kana kwamba amekuzaa yeye.

Basi, jibu langu la Jumanne ni hilo. Watajua hujui kitu? Watajua hujui vitu vingi, ndiyo. Utafika na utakuta mabomba, mifereji, mbegu zenye majina ambayo shule haikukutajia, na watu wazima ambao wamekuwa ndani ya maji yale tangu kabla hujazaliwa. Watakuita mutoto. Itika. Uliza siku ya kwanza, ukiwa bado mgeni na kila mtu anategemea uulize. Nimejifunza kwamba swali linalokaa tumboni mpaka mwezi wa tatu linakuwa zito sana kutoka.

Kama watakuuliza ulikuwa unafanya nini miaka hii, usiangalie chini. Waambie: nilitafuta kazi, na nilipanda korongo letu. Inatosha. Wengi wao walikaa nyumbani pia, utashangaa. Hakuna nyumba hapa Bukavu ambayo haina mtu anayengoja. Tunanyamaziana tu.

Kuhusu kuwa wa tatu, sijui nikuambie nini zaidi ya kwamba yule mwanamke wa Kindu simkumbuki hata jina. Ninamwombea tu, na mtoto wake, ambaye sasa atakuwa kijana mkubwa. Kiti nimekalia mimi, mpaka kimechukua umbo langu.

Usibaki kazini kila jioni ili wakuone. Siku nyingine baki, kazi ikidai. Siku nyingine nenda ukafue nguo zako, ukakae na watu. Nilipoanza kazi nilirudi nyumbani nimekwisha, nikampa papa yako na ninyi makombo yangu. Ulikuwa ukinisubiri na daftari lako la kuandika, nikakuambia kesho. Ninayakumbuka madaftari hayo kuliko mashuka yote niliyoshona. Utakuwa na watu wako pia siku moja, na hata usipokuwa nao bado, wewe mwenyewe ni mtu wa kurudiwa jioni.

Na ukiugua, lala. Nimekwisha kukuambia kilichonipata.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kukufundisha, kwa sababu mimi sikulifanya: kwenda mbali. Nilizaliwa huku juu, nikaolewa huku juu, na bonde la Ruzizi nimelipita mara moja tu ndani ya lori, kwenda mazishi Uvira. Nakumbuka tulishuka Ngomo, na tulipofika Kamanyola hewa ikawa ya moto na nene, na nchi ikafunguka, tambarare, mpaka milima ya upande mwingine. Nilikuwa na huzuni ya mazishi, lakini niliona uzuri ule na niliona haya kwamba ninauona. Kesho utauona bila mazishi. Uuangalie na kwa ajili yangu. Omba ukae upande wa dirisha, na dereva akisema ni mahali pa mkubwa, mwambie wewe ni ajenti mpya wa mpunga. Nataka ulisikie neno hilo likitoka mdomoni mwako.

Mimi nina furaha, Nzigire. Nakuandikia wazi kwa sababu usoni kwangu haionekani vizuri. Leo kazini nilishona mfuko mzima wa foronya bila kusikia mguu ukichoka. Papa yako naye ana furaha, ndiyo maana hatulii. Ukituona kesho asubuhi tumekunja uso pale kwenye lori, usifikiri ni majuto. Ni namna ya watu wa nyumba hii.

Imebaki habari moja, na nakuambia mimi kabla hujaiona mwenyewe. Riziki, mdogo wako, ameniuliza mchana kama anaweza kuchukua kitanda chako. Nikamwambia ana moyo wa jiwe, angoje angalau lori lako lipite Nyangezi. Akacheka, akasema, "Aksanti maman," akaenda kupima kama matandiko yake yanatosha. Kwa hiyo ujue: ukija kututembelea, kitanda hakipo. Utalala salon, kwenye kiti kirefu, kama wageni wote. Asubuhi nitaamka kabla yako, nitakupashia maji ya kuoga, nitakuwekea chai mezani na kijiko ndani ya sahani, na nitakaa mbele yako, mikono imetulia, nikuulize kama anavyoulizwa mtu mzima aliyetoka safari: habari za kazi?

Maman yako